Kwa nini vijiji vya Beaufortain bado vina ng'ombe wakati milima mingi ya Ufaransa imebaki na nyumba tupu?

#1 Mlima_na_Malisho

Habari za jioni wanajukwaa.

Upande wa Ufaransa wa milima ya Alps, mkoa wa Savoie, kuna bonde linaitwa Beaufortain. Mji wake mdogo ni Beaufort, kama mita 740 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda unakuta Arêches kwenye mita elfu moja na kidogo, juu yake kitongoji cha Boudin, na upande mwingine Hauteluce. Ni vijiji vya wakulima, ila mkulima wa huko maana yake ni mfugaji, maana shamba lake ni majani. Ng'ombe wanakaa bandani kuanzia Novemba hivi mpaka Mei kwa sababu ya theluji. Mteremko ni mkali kiasi kwamba trekta la kawaida linapinduka. Mfugaji wa kawaida ana ng'ombe wa kukamua 20 hadi 40.

Kwa hesabu za kilimo cha tambarare, hawa wangekuwa wamefunga tangu miaka ya 1960, kama walivyofunga wenzao wa mabonde mengine, ambako malisho yamegeuka vichaka na nyumba zinafunguliwa wiki tatu kwa mwaka. Lakini Beaufortain bado wanakamua, na vijana bado wanachukua mazizi ya wazazi.

Hoja yangu ni moja: kilichowaokoa ni ushirika wa maziwa walioanzisha 1961 chini ya mfugaji mwenzao, Maxime Viallet. Kabla ya hapo mfanyabiashara wa jibini ndiye aliyepanga bei. Baada ya hapo maziwa, jibini, ghala la kuivishia na duka vyote vikawa mikononi mwa wafugaji. Mengine yote yalifuata. Anayepinga aje na sababu.

#2 Kwato_Nyeusi

Mkuu, umeanza na karatasi ukasahau mnyama.

Ng'ombe wa pale ni Tarine (jina kamili Tarentaise) na Abondance. Tarine ana rangi ya kahawia iliyopauka, pua nyeusi, kwato nyeusi ngumu, uzito kilo 500 hadi 600. Kwato ile ndiyo siri. Ng'ombe mzito wa tambarare ukimpandisha kwenye mita 2,000 penye mawe, ndani ya wiki mbili kwato zinapasuka, anachechemea, hafuati majani tena, na maziwa yanakatika. Tarine anapanda na kushuka kila siku na bado anatoa lita zake.

Vijiji vilivyobadilisha ng'ombe kwa tamaa ya lita nyingi vililazimika kununua chakula kutoka bondeni. Ukishanunua chakula, mlima unakuwa mzigo. Ushirika bila ng'ombe yule ungekuwa ofisi tu.

#3 Bi_Shamba

Asanteni kwa uzi. Nadhani jambo kubwa ni jina kulindwa. Miaka ya 80 Serikali ilipitisha kwamba jibini la Beaufort litengenezwe eneo lile tu, basi ushindani ukafa. Au?

#4 Fundi_wa_Shaba

Bi Shamba, hoja ni nzuri ila mwaka siyo. Beaufort ilipata ulinzi wa jina la asili mwaka 1968, miaka saba baada ya ushirika. Na eneo siyo Beaufortain peke yake: lina pia mabonde ya Tarentaise, Maurienne na sehemu ya Val d'Arly.

Sasa nampinga mleta mada, kwa hesabu. Gurudumu moja (jibini zima la duara) la Beaufort lenye kilo 40 linameza takriban lita 400 za maziwa, yaani lita 10 kwa kilo. Maziwa hayachemshwi, kwa hiyo huwezi kuyalimbikiza siku nne ukisubiri yatoshe. Zamani familia ilikuwa na ng'ombe sita hivi. Chukua lita 10 kwa ng'ombe kwa siku: ni lita 60. Hizo ni kilo 6 za jibini. Hapo hakuna gurudumu.

Walifanyaje? Walikusanya ng'ombe wa familia nyingi kwenye kundi moja la kiangazi, ng'ombe 80, 100 na zaidi. Ng'ombe 80 wakitoa lita 10 kwa siku ni lita 800: gurudumu moja asubuhi, moja jioni. Kundi lilikuwa na wafanyakazi wake, mkuu wao akiwa mtengeneza jibini. Utaratibu huo walikuwa wakiuita mlima mkubwa. Mlima mdogo ulikuwa wa familia moja iliyopanda kwa hatua na ng'ombe wake wachache, kibanda hadi kibanda.

Linganisha na jirani zao wa bonde la Thônes wanaotengeneza Reblochon. Jibini lile ni gramu 450 hivi na linahitaji kama lita 4. Mama mwenye ng'ombe watatu anatengeneza peke yake jikoni.

Kwa hiyo ukubwa wa jibini ndio uliowafundisha kushirikiana, karne kadhaa kabla ya 1961. Viallet na wenzake walikuta watu waliokwisha kuzoea kupimiana maziwa na kugawana. Ushirika ulikuja kuiweka desturi kwenye sheria.

#5 Hesabu_Kwanza

Fundi wa Shaba, hesabu yako imenyooka. Ila wote mnahesabu maziwa, hakuna anayehesabu majani, na mlimani anayeshindwa hushindwa kwenye majani.

Ng'ombe wa kilo 550 anakula takriban kilo 15 za majani makavu kwa siku. Siku 200 bandani ni tani 3. Ng'ombe 25 ni tani 75, bado mitamba na ndama. Kwenye mita 1,000 uwanda ukipewa samadi vizuri unatoa kama tani 4 kwa hekta kwa mikato miwili: wa kwanza mwishoni mwa Juni hadi Julai, wa pili Agosti au Septemba. Maana yake unahitaji hekta 19 za kukata, siyo za kulishia tu. Na hizo hekta 19 hazipatikani kipande kimoja. Ni vipande 40 au 60, vingine vidogo kuliko uwanja wa mpira wa wavu.

Penye mteremko mkali unakata kwa mashine ya kutembea nyuma yake, ya magurudumu mawili yenye meno ya chuma, unakwenda kwa kuambaa mteremko, usipande na kushuka. Majani unayasukuma chini kwa reki hadi gari linapofika. Kingo na pembe zote ni mundu mrefu. Ukiacha kukata ukingo miaka mitatu, miti midogo imeingia. Ukiacha miaka kumi, unahitaji msumeno.

Kwa hiyo swali la kijiji kuishi ni hili: nani anakata?

#6 Mlima_na_Malisho

Hesabu_Kwanza, anayekata ni yule anayelipwa vya kutosha ili akate, na hapo unarudi kwenye hoja yangu. Maziwa yanayokwenda kwenye Beaufort hulipwa bei iliyo karibu mara mbili ya maziwa ya kawaida ya Ufaransa. Bila ushirika tofauti hiyo ingeishia kwa mwenye ghala la kuivishia, kwa sababu jibini lazima likae si chini ya miezi 5 kabla ya kuuzwa. Mfugaji mmoja hawezi kungoja miezi 5 bila kulipwa. Ushirika unaweza.

#7 Hesabu_Kwanza

Mara mbili ya bei, ndiyo. Lakini masharti yanasema wastani wa kundi usizidi kilo 5,000 za maziwa kwa ng'ombe kwa mwaka. Ng'ombe wa tambarare anatoa mara mbili ya hapo akilishwa mahindi. Ukizidisha bei kwa lita, mapato kwa ng'ombe yanakaribiana. Gharama hazikaribiani kabisa: banda la theluji nzito, mashine za mteremko, majani ya kulalia yanayonunuliwa tambarare kwa kuwa huko juu nafaka hailimwi. Bei nzuri inafuta hasara ya mlima, haileti utajiri.

#8 Kamba_ya_Theluji

Wakuu, mbona mnazunguka? Fedha ya baridi inatoka kwenye theluji. Arêches-Beaufort ina mitambo ya kupandisha watelezaji, na Les Saisies, ambayo sehemu yake iko Hauteluce, ndiko mashindano ya mbio za thelujini yalikofanyika wakati wa Olimpiki ya Albertville ya 1992.

Angalieni ratiba. Kukamua saa 11 alfajiri, kulisha, kusafisha, saa 2 asubuhi mfugaji yuko kwenye mtambo wa kupandisha watu au anafundisha kuteleza. Saa 11 jioni amerudi kukamua. Miezi minne ya mshahara wa pili, ndani ya kijiji, bila kuhama. Kijiji kisicho na theluji ya kuuza, kijana anahamia mjini kutafuta huo mshahara wa pili, na akishahama ng'ombe wanauzwa.

#9 Mkondo_wa_Maji

Kamba ya Theluji umekaribia, ila fedha ya kwanza haikuwa theluji. Ilikuwa umeme.

Bwawa la Roselend lilijengwa miaka ya 1950 mwishoni na kujazwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukuta wake una kimo cha mita 150, ziwa lina maji zaidi ya mita za ujazo milioni 180, na maji yanaporomoshwa kama mita 1,200 hadi kituo cha La Bâthie, upande wa pili kabisa wa mlima. Likaja na Saint-Guérin, na baadaye La Gittaz. La Girotte lilikuwapo tayari juu ya Hauteluce.

Lilileta nini kijijini? Kodi ya mitambo kwa halmashauri kila mwaka, mishahara ya ujenzi, na barabara. Barabara ndiyo kubwa kuliko zote. Malori ya saruji yalifungua njia hadi malisho ya juu, na njia hizohizo leo ndizo gari la maziwa linazopita.

Lakini semeni na upande wa pili. Kitongoji cha Roselend kilizama, na malisho mazuri ya tambarare ya juu yakazama nacho. Kanisa dogo linaloonekana leo kando ya ziwa ni nakala ya lile la zamani. Na tazameni miaka: bwawa limejazwa, ushirika umeanzishwa, kipindi kilekile. Wapo wanaosema kuzama kwa malisho ndiko kulikowaamsha wafugaji kujipanga.

#10 Bi_Shamba

Nimekubali marekebisho ya Fundi wa Shaba kuhusu 1968, ahsante. Swali: kwa nini masharti ya Beaufort yanakataza sileji, yaani majani mabichi yanayofungiwa bila hewa mpaka yachachuke? Mlima wenye mvua za ghafla ndipo sileji ingefaa zaidi. Nadhani ni kwa ajili ya ladha?

#11 Fundi_wa_Shaba

Ladha ni sehemu ndogo. Sababu kubwa ni bakteria anayeitwa Clostridium tyrobutyricum. Sileji iliyoingia udongo au hewa inazaa mbegu zake ngumu kwa wingi. Mbegu zinapita tumboni mwa ng'ombe, zinatoka na kinyesi, zinabandika kwenye chuchu, zinaingia kwenye maziwa. Kwenye maziwa ya kunywa huoni shida. Kwenye jibini la kukaa miezi mingi, zinaamka mwezi wa pili au wa tatu, zinakula asidi ya maziwa na kutoa gesi. Gurudumu linavimba, linapasuka ndani, linanuka siagi iliyooza. Kilo 40 zimepotea, na hakuna dawa, kwa sababu maziwa hayakuchemshwa, na hata kama yangechemshwa kidogo mbegu hizo zinavumilia.

Hatua zenyewe kwa ufupi, ili ieleweke wapi linaharibika:

Maziwa yanamiminwa kwenye sufuria kubwa ya shaba yakiwa na joto la nyuzi 33 hivi. Kigandishi hakinunuliwi kikiwa safi cha kiwandani: tumbo kavu la ndama linalowekwa kwenye maji ya jibini yaliyokwisha kupikwa, na humohumo vijidudu vyema vya asidi vinazaliana. Ikiganda, kama nusu saa, inakatwa hadi chenga za ukubwa wa punje ya ngano au mahindi. Halafu inapashwa polepole huku inakorogwa hadi nyuzi 53 mpaka 56. Fundi anachota chenga, anazikamua kiganjani: zikishikana kisha zikasambaratika ukizisugua, tayari. Ukiwahi, maji yanabaki ndani na jibini linachacha. Ukichelewa linakuwa kavu kama mpira.

Zinatolewa kwa kitambaa cha kitani na kuwekwa kwenye pete ya mbao, zinakandamizwa saa 20 huku zikigeuzwa. Kisha maji ya chumvi kwa siku moja. Kisha ghalani, penye baridi ya nyuzi 8 hadi 12 na unyevu mwingi, zinasuguliwa chumvi ya mawe na kupakwa morge, ambayo ni mchanganyiko wa maji ya chumvi ya zamani na mikwaruzo ya magamba ya jibini lililoiva. Kugeuza na kusugua ni mara mbili kwa wiki. Maji yaliyobaki yanatolewa krimu ya siagi, kisha yanapashwa tena kupata sérac, jibini jeupe laini la masikini wa zamani na la mahoteli ya leo.

#12 Rula_na_Kamba

Nimesoma yote. Mnajadili jibini, ng'ombe, umeme. Hakuna aliyeuliza ardhi ni ya nani.

Sheria ya urithi ya Ufaransa tangu Kanuni ya Kiraia (Code civil) ya 1804 inawapa watoto mafungu sawa. Baba mwenye hekta 6 na watoto wanne, baada ya vizazi vitatu kuna vipande vyenye warithi 30, nusu wako Lyon, wengine Paris, wengine hawajulikani walipo. Mfugaji anataka kukata majani, amwombe nani? Ndiyo maana katika mabonde mengi vichaka vilianzia kwenye viwanja vya mirathi, siyo kwenye mteremko mkali.

Sheria ya malisho ya 1972 ilileta dawa mbili. Moja ni chama cha wenye ardhi ya malisho: wamiliki wengi wakikubali, vipande vyote vya eneo vinasimamiwa pamoja na kukodishwa kwa wafugaji, na kila mtu anabaki na hati yake. Ya pili ni mkataba wa malisho wa miaka kadhaa, ili mfugaji asifukuzwe msimu hadi msimu. Penye mambo haya kijiji kilipumua. Hiyo ndiyo sababu, na haina rangi nzuri ya kupiga picha.

#13 Mlima_na_Malisho

Rula na Kamba, nakubali kuhusu mirathi. Ila sheria ya 1972 ni ya nchi nzima, hata mabonde yaliyokufa yalikuwa nayo. Haielezi tofauti.

#14 Rula_na_Kamba

Jina la asili nalo ni la nchi nzima mkuu, na ushirika pia unaruhusiwa nchi nzima. Kwa kipimo chako hakuna sababu itakayopona.

#15 Kwato_Nyeusi

😀 Hapo mleta mada kabanwa.

Narudi mlimani. Hapo #4 Fundi ametaja mlima mkubwa, lakini kuna kazi moja ameiruka. Kwenye kundi kulikuwa na mtu wa vigingi. Kila siku alipiga vigingi kwa mistari kwenye kipande kipya cha malisho, kila kigingi na mnyororo wake. Jioni ng'ombe wote wanafungwa pale, wanakamuliwa kwa mkono, wanalala palepale. Kesho mistari inahamishwa hatua chache. Kwa nini? Samadi. Ng'ombe 100 wakilala sehemu moja mwezi mzima, pale panaota magugu mapana ambayo ng'ombe hawali, na kwingineko kunabaki njaa. Kwa kuhamisha vigingi, mlima wote ulirutubishwa kwa zamu. Wafanyakazi wa namna hiyo walipoadimika baada ya vita, malisho yalianza kuharibika.

Kilichorudisha uhai ni mashine ya kukamulia ya kuhamishwa: trela lenye paa, nafasi kadhaa za ng'ombe, injini, pampu ya mvuto na mitungi ya maziwa. Inavutwa kila siku mbili tatu hadi kipande kipya. Kazi ya watu wanane ikawa ya wawili, na samadi ikaendelea kutawanyika. Mimi hiyo naiweka juu ya ushirika.

#16 Hesabu_Kwanza

Nakazia hapo, kwa anayetaka kujua inavyosumbua. Kwenye mita 2,000 kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 80, kwenye usawa wa bahari ni 101. Ukamuaji unahitaji mvuto wa kilopaskali 40 hadi 45 hivi. Inafikika, lakini pampu ileile inatoa hewa kidogo zaidi, na injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Pampu iliyotosha vikamulio sita bondeni, juu inatosha vinne. Ukilazimisha sita, mvuto unashuka, vikombe vinateleza chuchuni, vinavuta hewa na uchafu, na baada ya wiki una viwele vilivyovimba. Nunua pampu kubwa tangu mwanzo. Na trela lisimame sawa: likiinama, maziwa yanarudi kwenye bomba la mvuto.

#17 Dira_ya_Kaskazini

Jamani nje ya mada kidogo. Gurudumu la Beaufort ubavu wake umebonyea kwa ndani kama kiuno. Kwa nini? Nilidhani ni kasoro ya picha.

#18 Kamba_ya_Theluji

Ni kwa ajili ya kamba. Zamani magurudumu yalishushwa kwa nyumbu, kamba ikapita kwenye ule mbonyeo isiteleze.

#19 Fundi_wa_Shaba

Maelezo ya kamba na nyumbu wanapewa wageni kila siku, na mimi siyakubali moja kwa moja. Jibini la Abondance nalo lina ubavu uliobonyea na ni la kilo 6 hadi 12 tu, mtu analibeba mgongoni. Fontina ya Aosta, upande wa Italia, vilevile.

Tazama pete yenyewe. Ni utepe wa mbao za mti wa hêtre, uso wake wa ndani umetokeza, na haijafungwa moja kwa moja: inakazwa kwa kamba kulingana na maziwa ya siku hiyo. Ndiyo maana magurudumu hutofautiana kutoka kilo 20 hadi 70. Pete iliyotokeza inashika jibini bichi kiunoni. Ukiitoa, jibini laini la kiangazi likitaka kutanuka kwa uzito wake, linajaza ule mbonyeo kwanza. Gurudumu lenye ubavu wa wima lingetokeza tumbo na kupasuka gamba.

#20 Kamba_ya_Theluji

Yaani kamba inaikaza pete, halafu unasema kamba si sababu? Naona pande zote mbili zina kamba. Nabaki na nyumbu wangu.

#21 Dira_ya_Kaskazini

Shukrani wote. Na matundu? Mbona halina matundu kama lile la katuni?

#22 Fundi_wa_Shaba

Lile ni Emmental, linaivishwa kwenye joto ili gesi ifumuke. Beaufort likiwa na matundu makubwa ni dalili ya kosa. Nyufa nyembamba chache za ulalo zinakubalika. Rangi ya njano ni ya maziwa ya Juni hadi Oktoba, kutoka kwenye majani mabichi. La majani makavu ni jeupe zaidi. Na lile linaloitwa la kibanda cha mlimani lazima litengenezwe juu ya mita 1,500, mara mbili kwa siku, kwa maziwa ya kundi moja.

#23 Senti_kwa_Hekta

Mmekwenda mbali bila kutaja ruzuku. Kuna malipo ya fidia kwa wanaolima penye vizuizi vya asili. Milima ilianza kulipwa miaka ya 1970. Hulipwa kwa hekta, hekta za mwanzo zikipata zaidi ya zinazofuata, na kuna kiwango cha chini na cha juu cha mifugo kwa hekta. Katika mazizi mengi ya milimani ruzuku zote zikiondolewa, kinachobaki kwa mwaka hakimlishi mtu. Tusiimbe ushirika tukaficha hili.

#24 Hesabu_Kwanza

Senti kwa Hekta, sahihi kwa milima kwa ujumla. Ila ruzuku hulipwa kwa hekta hata kwa mwenye kondoo wachache. Inaweka watu, haileti ng'ombe wa maziwa. Anayekamua mara mbili kwa siku bila Jumapili anahitaji sababu nyingine.

#25 Nyota_ya_Queyras

Nileteni mfano wa pembeni mpime hoja zenu. Saint-Véran, bonde la Queyras, kijiji kwenye mita 2,040, miongoni mwa vya juu kabisa Ulaya. Nyumba zina sehemu ya chini ya mawe na juu magogo ya mti wa larch. Majani yalirundikwa juu, familia na mifugo chini, ng'ombe wakipasha nyumba joto kipindi chote cha baridi.

Huko walilima nafaka. Shayiri nyeusi ya seigle ilipandwa Agosti na kuvunwa mwaka uliofuata mwishoni mwa kiangazi, karibu miezi 13, hivyo shamba la mwaka huu halikuweza kupandwa tena mwaka huohuo. Na kwa kuwa jembe husogeza udongo kuteremka, kila masika walijaza udongo wa mfereji wa chini kwenye vikapu na kuupandisha juu ya shamba. Usipoupandisha, baada ya miaka michache juu unabaki mwamba.

Barabara na reli zilipoleta unga wa bei rahisi, kazi ile haikuwa na maana tena, na watu wakaondoka. Sioni kama tofauti na Beaufortain ni ushirika. Beaufortain hawakuutegemea udongo wa jembe. Mvua yao ni nyingi na majani yanarudi yenyewe. Queyras ni kukavu, hata malisho yalinyweshwa kwa mifereji.

#26 Kwato_Nyeusi

Nyota, hilo la mvua ni zito kuliko yote humu. Milima ya Kaskazini ya Alps ni ya ng'ombe, ya Kusini ni ya kondoo, na mvua ndiyo inayopanga.

Marekebisho moja: seigle siyo shayiri, ni rai. Shayiri nyingine.

#27 Nyota_ya_Queyras

Kweli, rai. Ahsante. Na mkate wake uliokwa mara moja kwa mwaka: kijiji cha Villar-d'Arêne, nje ya Queyras, bado wanaoka Novemba kwenye tanuri la kijiji, unga unakandwa kwa maji ya moto na mkate unakaa miezi.

#28 Mlima_na_Malisho

Mvua naikubali kama sharti. Lakini Aubrac, milima ya katikati ya Ufaransa, ina mvua na majani, na vibanda vyao vya jibini vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1960 vijana wa Laguiole wakaanzisha ushirika wa Jeune Montagne, 1961 jina la jibini la Laguiole likalindwa, na jibini likarudi. Mlima mwingine, ng'ombe wengine, hakuna Roselend. Kilichofanana ni ushirika.

#29 Mkondo_wa_Maji

Kilichofanana pia ni gurudumu kubwa, la makumi ya kilo. Fundi wa Shaba atafurahi.

#30 Bi_Shamba

Hesabu_Kwanza, kabla uzi haujafungwa: kama sileji hairuhusiwi na mvua inakuja Julai, majani mabichi wanayafanyaje?

#31 Hesabu_Kwanza

Wengi wanakaushia ghalani. Unakata leo, kesho jioni unayaingiza yakiwa bado na unyevu wa asilimia 35 hadi 45, unayatandaza juu ya sakafu ya chekeche kwa winchi ya darini, na feni kubwa inasukuma hewa kutoka chini, mara nyingi hewa iliyopashwa chini ya bati la paa. Tabaka la kwanza lisizidi mita moja na nusu hadi mbili. Tabaka la pili lisiwekwe hadi la kwanza likauke, la sivyo hewa inatafuta njia nyepesi na kuacha mabonge yenye ukungu.

Asiye na feni anafunga marobota, na hapo hatari ni moto. Robota lenye unyevu zaidi ya asilimia 20 linajipasha lenyewe. Chomeka fimbo ya chuma katikati ya rundo, iache nusu saa, uishike. Ukiweza kuishika, sawa. Ukiiachia kwa moto, pima: nyuzi 60 anza kuangalia kila baada ya saa chache, nyuzi 70 ita zimamoto kwanza. Usifumue rundo peke yako, hewa ikiingia ndipo linawaka.

#32 Kamba_ya_Theluji

Na ndiyo maana nyumba za Boudin zimeachiana nafasi, na maghala madogo ya nafaka na nguo yalijengwa mbali na nyumba. Moto wa majani ungeweza kuchukua kijiji kizima.

#33 Rula_na_Kamba

Au zimeachiana nafasi kwa sababu kila mtu alijenga kwenye fungu lake la urithi.